Kitabu cha Tippu Tip kichapishwe tena

Wapo wadhanio kwamba wasomaji wetu hupenda hadithi za kubuni tu. Mpe msomaji wa Kidahwe Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, uone kama atalala mapema. Mzaliwa huyo wa Unguja asimulia, kwa Kiswahili chake mwenyewe, safari, vita na biashara ya pembe za ndovu, toka Tabora hata Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Heinrich Brode alikitoa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1966 kikachapwa Afrika Mashariki.

Tippu Tip aliuza watu, wala hatuombi asifiwe. Lakini Ujiji, ambako wengi wana asili ya Manyema, kitabu hiki husomwa kama hati ya mirathi: mtu hutafuta humo njia waliyopita wazee wake, na kwa kuwa mambo yalitukia kweli, hawezi kukiweka chini.

Wakuu wa elimu na maktaba, bara na visiwani, twawaomba wakichape upya kwa bei aiwezayo mkulima na mvuvi, chenye dibaji iwatajayo waliozibeba pembe hizo, kwani wao hawakuandika.