"I didn't went": Kosa la Nani?

Pita nje ya darasa la tano katika shule inayojivunia Kiingereza, na huenda ukasikia kwaya: "Go, went, gone! See, saw, seen! Eat, ate, eaten!" Mwalimu anagonga meza kwa rula, watoto wanapaza sauti, na mzazi aliyekuja kulipa ada anaondoka ameridhika. Imani iliyo nyuma ya kwaya hiyo tumeirithi bila kuihoji: kwamba wakati uliopita wa Kiingereza ni jedwali la safu tatu, na aliyelikariri amemaliza kazi.

Si kweli, na ushahidi umejaa kwenye madaftari ya watoto haohao. "I didn't went." "Did you saw him?" Mtoto anayeandika hivyo hajasahau jedwali. Analijua barabara, ndiyo maana "went" imemponyoka mahali isipotakiwa. Asiyejua jedwali kabisa angeandika "I didn't go" na kupata vema. Sisi tunamwadhibu kwa kumwandikisha "go, went, gone" ukurasa mzima, ugonjwa uleule tukauita dawa.

Kinachomshinda ni kanuni ambayo kwa Kiswahili anaitumia tangu hajaanza shule. Husema "nilifika", lakini akikana husema "sikufika". Hakuna mtoto wa Mbagala wala wa Likoni anayesema "sikulifika". Ile "li" inaondoka, "ku" inashika zamu yake. Kiingereza nacho kina mwendo unaofanana na huo: ukikana, alama ya wakati inahama kwenye kitenzi na kukaa kwenye "did", kitenzi kinarudi katika umbo lake la kawaida. Ulinganisho huo hauhitaji hata nusu ya kipindi. Lakini nani athubutu, wakati ziko shule ambako mtoto akiteleza akasema Kiswahili huvishwa kibao shingoni?

Kwenye maswali, nakubali, Kiswahili hakimsaidii. "Ulifika" ni ileile, ukiuliza unapandisha sauti tu. Hapo mwalimu akae, afundishe "did" mpaka ieleweke.

Kuna na mahali Kiswahili humponza kabisa. Mitaani tunasema "nimemwona jana sokoni" na hakuna anayegeuka kutushangaa. Kiingereza hakikubali. Ukishataja jana, juzi au mwaka 2015, huna budi kusema "I saw him yesterday". "I have seen him yesterday" ni kosa, hata kama "seen" umeikariri herufi kwa herufi. Katika jedwali, "saw" na "seen" zimepangwa jirani, na hakuna panapomwambia mtoto lini achukue hii na lini ile. Sehemu ngumu ya somo ndiyo hiyo, na kwaya haiigusi. Matamshi nayo haiyagusi: "worked" ni silabi moja inayoishia na sauti ya "t", lakini watoto wetu wanamaliza shule wakisema "wakedi".

Watetezi wa kwaya watauliza: vitenzi visivyo na kanuni utavijuaje bila kukariri? Kwanza, vingi vina ukoo. "Sing, ring, drink" huzaa "sang, rang, drank". "Write, drive, ride" huzaa "wrote, drove, rode". Pili, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature: kati ya vitenzi 177 vya Kiingereza cha kale visivyofuata kanuni walivyovifuatilia, 98 tu ndivyo vilivyobaki hivyo hadi leo. Vingine, kama "help", vilijisalimisha kwa "-ed". Vilivyonusurika zaidi ni vile vinavyotumika sana, kwa maana ya kwamba vinywa vya wasemaji ndivyo vilivyovihifadhi. Mtoto anayesimulia kila Jumatatu mambo ya Jumamosi na Jumapili atakutana na "went", "saw", "ate" na "bought" hadi azichoke. "Forsook" na "slew", zinazojaza jedwali, hana kazi nazo.

Kwa hiyo, mzazi, usimpime mwanao kwa idadi ya vitenzi anavyoweza kuimba. Muulize jana alifanya nini, na nini hakufanya, akujibu kwa Kiingereza. Akikwama kwenye swali la pili, nenda kamwone mwalimu wake.