Asilimia 15 ya Hesabu Zipi?

Wanaodai kwamba kaunti zimekwisha kupewa zaidi ya haki yao hutaja tarakimu moja tu. Mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti 47 zilitengewa takriban shilingi bilioni 385. Tukaambiwa hiyo ni karibu robo ya mapato ya taifa, hali Katiba ya 2010 haidai zaidi ya asilimia 15. Swali ambalo halikujibiwa ni hili: robo ya mapato ya mwaka gani?

Kifungu cha 203 chaagiza kwamba asilimia hiyo ikokotolewe kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu zilizotumiwa kwa mgao ule zilikuwa za 2019/20, mwaka ambao miezi yake ya mwisho iliparaganywa na korona. Ni sawa na fundi kumshonea mtoto sare kwa vipimo vya miaka minne iliyopita, kisha akamwonyesha mzazi kitambaa kilichobaki.

Wala Katiba haikuuruhusu uzembe huu. Kifungu cha 229 kimempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi 6 kutoa ripoti yake baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na Bunge miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Kufikia mwisho wa Machi kazi ingekuwa imekwisha.

Lakini tazama ni nani aliyekabidhiwa kipimo. Bunge la Kitaifa, ambalo mara kwa mara huvutana na Seneti juu ya kiasi cha mgao, ndilo hilo hilo linaloamua hesabu zipi zitumike, kwa kuidhinisha au kwa kukaa kimya tu. Mwaka wa 2019 Seneti ilidai bilioni 335, Bunge likashikilia 310. Walipopatana kwa bilioni 316.5, Septemba ilikuwa imefika na kaunti zilikuwa zimekwisha kuuanza mwaka wa fedha bila mgao wao. Mdaawa hawezi kuwa pia mwenye mizani.

Pendekezo langu ni kwamba miezi 3 ikipita bila Bunge kusema neno, hesabu za Mkaguzi Mkuu zitumike jinsi zilivyo. Hilo lahitaji kurekebisha Katiba, na marekebisho huchukua muda. Lakini Kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani Katiba inapokiukwa, na haki hiyo haingoji idhini ya Bunge.