Ngombe wa raiya, gorila wa dunia: sheria ya Kongo inalinda nani?

Tarehe 2 Machi 2022, huko Nairobi, mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira ulipitisha azimio linalounganisha hali njema ya wanyama na ulinzi wa mazingira. Ghana ndiyo ilileta andiko hilo, na Kongo yetu ilikuwa kati ya inchi zilizoliunga mkono. Miezi mitano haijaisha, mwezi wa 7 mwaka ule ule, Kinshasa ikapeleka kwenye mnada maeneo 27 ya mafuta. Mengine yaliingia ndani ya parke ya Virunga, makao ya gorila wa milimani.

Ukiweka hayo mambo mawili pamoja, unaona vizuri namna wanasiasa wetu wanavyoangalia wanyama. Mbele ya wageni, munyama ni heshima ya inchi. Nyumbani anageuka feza, kizuizi, ao njia ya kutafuta kura.

Si kwamba sheria zinakosa. Kuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Kuna pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa asili, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1969. Hii ya 2014 inakataza kazi zinazoharibu ndani ya parke. Lakini iliacha mulango mudogo: serikali inaweza kutoa ruhusa ya pekee ju ya faida ya taifa. Kwa hiyo, mazungumuzo juu ya mafuta ya Virunga hayaishi. Kila serikali inayokuja inakuta ule mulango uko pale. Mwezi wa 10 mwaka 2024 wizara ilifuta mnada, lakini sababu ilizotoa zilikuwa juu ya namna makampuni yalivyoleta maombi yao. Gorila hakuwa kati ya zile sababu.

Upande wa raiya, maneno ni mengine. Kule Rutshuru, Lubero ao Beni, tembo akitoka parke na kulala katika shamba la mihogo, mama mwenye shamba hana mahali pa wazi pa kudai malipo. Wakati wa kampeni, kandideti anafika, anaahidi kwamba parke itarudisha udongo kwa watu. Kisha uchaguzi, anapanda ndege kwenda Kinshasa, na hakuna anayeleta bungeni mupango wa kulipa mashamba yaliyoharibiwa. Raiya anabaki na hasira. Ile hasira inaishia kwenye mitego, kwenye makala, na zaidi kwa walinzi wa parke. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja. Hao pia ni watoto wa hapa.

Na wanyama wa kufugwa, je? Hapo sheria inapunguza sauti. Kanuni ya makosa inaazibu mutu anayeua ao kuumiza vibaya munyama wa mwenzake bila sababu. Ni vizuri, lakini angalia kwa makini: sheria inamuona ngombe kupitia mwenye ngombe. Kinacholindwa ni mali. Maumivu ya munyama mwenyewe hayana nafasi kubwa mule. Mbuzi anayefungwa miguu yote ine kwenye pikipiki, kichwa chini, toka kijiji hadi soko la Bukavu, Bunia ao Butembo, ni jambo tunaloona kila juma, na dereva hapati swali hata moja kwenye bariere. Anaulizwa tu feza ya bariere.

Hata ule ulinzi wa mali haufiki mbali. Katika Masisi, kwenye milima ya Fizi, Uvira na Mwenga, na huko Djugu, miaka na miaka ngombe wanaibwa kwa makundi, wanapigwa risasi, wanakatwa miguu na kuachwa shambani. Mwenye kuwakata hana kisa na ngombe. Anatafuta kumuumiza mwenye ngombe na kabila lake. Kukata ngombe wa jamaa ni kumukatia mtoto masomo, mugonjwa dawa, kijana mahari. Kesho yake jamaa ile inalipiza. Wanasiasa wengi wanazungumuza juu ya hivyo visa kufwatana na mwenye ngombe ni nani: kama ni wa upande wao, wanalia, kama ni wa upande mwingine, wananyamaza. Mwezi wa 7 mwaka 2007, gorila wa familia ya Rugendo walipouawa katika Virunga, picha zilizunguka dunia nzima na wakubwa wakajibu. Ngombe wa mulimani hana mupiga picha.

Mufano mwingine ni wa mujini. Watoto wakiumwa na imbwa, amri inayotoka haraka ni kuua imbwa wote wanaozurura. Shirika la Afya Duniani linafundisha kinyume: ukichanja karibu imbwa 70 kwa 100, ugonjwa wa kichaa cha imbwa unakatika. Kuua bila kuchanja hakumalizi kitu, maana imbwa wengine wasiochanjwa wanachukua nafasi ya wale. Lakini chanjo inaomba bajeti na veterinere, na amri ya kuua inatolewa kwa siku moja.

Watu wengi wanafikiri haya yote ni kazi ya Kinshasa. Hapana. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, inaweka mikononi mwa majimbo utekelezaji wa sheria za taifa juu ya uwindaji, uvuvi, kukamata wanyama wa pori, na mambo ya veterinere. Ni kusema, bunge la jimbo linaweza kupitisha edikti juu ya namna mbuzi anavyosafirishwa, juu ya machinjio, juu ya chanjo ya imbwa. Lakini katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu hali ya dharura ilipoanza mwezi wa 5 mwaka 2021, mabunge ya jimbo yalisimamishwa. Mahali ngombe wanakatwa zaidi, ndipo sauti ya kutunga edikti ilizimwa.

Wengine watasema: watu wanakufa, wanakimbia vita, na ninyi munazungumuza mbuzi? Ulizo ni la haki. Jibu liko kwa jamaa zenyewe zilizokimbia. Uliza mutu yeyote katika kambi ni nini alipoteza kwanza. Wengi watahesabu wanyama wao kabla ya kufika kwenye nyumba. Depite anayetaka amani huku bila kuwa na neno moja juu ya ngombe, shamba lililokanyagwa na tembo, na imbwa wa mujini, anaacha inje nusu ya ugomvi. Siku atakaporudi kuomba kura, aulizwe jambo moja tu: ni andiko gani aliloweka mezani.