Miezi Minne Inatosha: Acheni Kungoja Paka Azae Kwanza

Wasee wangu wa Kitale na Bungoma, leo naongea na nyinyi wenye paka. Nyinyi mnaolala nao, mnaowanunulia omena, mnaowapa majina ya wachezaji wa Arsenal. Mnawapenda, hilo sibishi. Nabishana na sentensi moja tu, ambayo nimeisikia Kibomet, nikaisikia Kanduyi, na nikaisikia tena ndani ya matatu pale Kamukuywa: "Wacha azae mara moja kwanza, halafu tutamfunga kizazi."

Hiyo sentensi ndiyo inajaza mitaa yetu paka wasio na mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Paka wa nyumbani, awe jike awe dume, afanyiwe operesheni kabla hajamaliza miezi mitano. Asingoje mwaka. Asingoje joto la kwanza. Asingoje kuzaa. Na hata ile "miezi sita" ambayo watu wanaitaja kama amri ya kumi na moja, kwa paka imechelewa.

Kabla mtu aniulize nilisomea wapi udaktari: niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa ya wanyama. Kwa hivyo usiniamini mimi. Amini kalenda.

Tuseme paka wako alizaliwa tarehe 1 Januari. Jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne tu. Hiyo ni tarehe 1 Mei. Mimba ya paka inachukua siku 63 hadi 65 hivi. Akikutana na dume wa jirani usiku mmoja tu juu ya mabati, anazaa mwanzoni mwa Julai. Sasa hesabu: tarehe 1 Julai ndiyo anatimiza miezi sita. Yaani wiki ile umepanga kumpeleka kwa daktari "kwa sababu sasa amefika umri", ndiyo wiki anazaa chini ya kitanda chako. Na yeye mwenyewe bado ni mtoto.

Sio kila paka huwahi hivyo. Wengine joto lao la kwanza huja mwezi wa sita au baadaye. Lakini hakuna paka anayekuja kukuambia mapema kwamba yeye ni wa kuwahi ama wa kuchelewa. Unagundua ukishasikia kelele za usiku, na ukizisikia, madume wa mtaa mzima wamezisikia kabla yako.

Kuna kitu kingine ambacho ushauri wa mtandaoni kutoka Ulaya haukuambii. Joto la paka hufuata urefu wa mchana. Kule Uingereza, mchana ukifupika wakati wa baridi, majike wengi hupumzika. Watu wa huko wana msimu wa paka kuzaa, na wana miezi ya kupumua. Sisi je? Kitale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na Bungoma iko karibu zaidi. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, Januari mpaka Desemba. Paka wetu hana msimu wa kupumzika. Asipopata mimba, joto linarudi baada ya wiki mbili au tatu. Akizaa, anaweza kushika mimba nyingine hata bado ananyonyesha. Kama kuna mahali duniani ambapo mtu hafai kungoja, ni hapa kwetu.

Sasa tuzichukue sababu zenu moja moja, kwa sababu nazijua zote.

"Akizaa mara moja anakuwa na afya na anatulia." Hapana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliangalia saratani ya matiti kwa paka. Waliofungwa kizazi kabla ya miezi sita walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 91 ukilinganisha na ambao hawakufungwa. Na idadi ya mara ambazo paka amezaa haikubadilisha chochote. Rudia kusoma hiyo. Kuzaa mara moja hakumkingi. Kinachomkinga ni kuwahi. Na saratani ya matiti kwa paka sio mchezo, vivimbe vingi vya aina hiyo ni vile vibaya vinavyosambaa. Ongeza ule ugonjwa wa mfuko wa uzazi kujaa usaha, ambao unaua, na ambao hauwezi kumpata paka ambaye mfuko huo ulishatolewa.

Tena niambie ukweli: huo uzazi mmoja ni wa nani? Paka hana ndoto ya kuwa mama. Hajaona picha za watoto wa wenzake akaona wivu. Wewe ndiye unataka kuona vile vitoto vikicheza, upige vidio mbili tatu, halafu vikifika wiki nane uanze kutafuta mtu wa kumpa. Wanne wanazaliwa, mmoja anapata nyumba nzuri, mmoja anapewa mtoto wa jirani atakayemsahau baada ya wiki, na wawili wanabaki. Hao wawili ndio naongelea hapa. Ndio wanatiwa kwenye gunia na kuachwa sokoni usiku, "atawaokota mtu". Ndio wanakula panya aliyekufa kwa sumu. Ndio wanapigwa mawe nje ya bucha. Huwezi kuniambia ni upendo kama hesabu yake inaishia kwa gunia.

"Ni mdogo sana, hatakua vizuri." Hii nimeambiwa hata na daktari mmoja aliyenitaka nirudi paka akiwa na miezi minane. Lakini jambo hili limechunguzwa miaka mingi. Paka waliofanyiwa wakiwa wachanga hawadumai, na mifupa yao huendelea kurefuka muda mrefu kidogo zaidi. Ile hofu kwamba njia ya mkojo ya dume inabaki nyembamba ilipimwa pia, na haikupatikana tofauti ya maana. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kiliunga mkono pendekezo kwamba paka afanyiwe kabla ya kumaliza miezi mitano. Vituo vinavyookoa paka nje hufanya hata kwa wa wiki nane, mradi wana afya na uzito wa kama kilo moja. Mimi siombi wiki nane. Naomba miezi minne, akiwa amemaliza chanjo zake za utotoni na amechanjwa kichaa cha mbwa.

"Dume usimguse, ni ukatili." Wanaume wenzangu, hapa ndipo mnashika suruali kama mnaitiwa nyinyi. Tulieni. Wengi wenu mmekua kwa nyumba ambayo ndama dume alihasiwa kwa burdizo mchana kweupe, na hakuna mtu alitoa machozi. Na huku Bungoma, ambako kila Agosti ya mwaka shufwa kisu kinapewa heshima yake, kila mtu anajua kwamba kuhasi paka si tohara. Hakuna anayemnyang'anya paka uanaume wake mbele ya wazee. Dume hulazwa kwa dawa ya usingizi, kazi inaisha kwa dakika chache, na jioni anauliza chakula. Asipohasiwa, anazurura, anapigana, anarudi na sikio limeraruka na jipu mgongoni, na anakojolea pazia lako. Siku moja anavuka barabara ya Kitale kwenda Webuye, na harudi.

"Akihasiwa hatashika panya." Hii ndiyo yenye uzito huku kwetu, kwa sababu Trans Nzoia tunaishi kwa mahindi na panya wanalijua hilo. Lakini kuwinda hakutoki kwenye korodani. Paka aliyehasiwa bado anawinda. Tofauti ni kwamba usiku atakuwa kwa ghala lako, badala ya kufuata jike mitaa mitatu mbali. Ukimshindilia ugali na maziwa, atanenepa na kulala, kwa sababu baada ya operesheni mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko mwanzo. Hapo kosa ni la sahani, msilaumu kisu.

"Pesa." Hapa sicheki na mtu. Operesheni ya jike inafungua tumbo, kwa hivyo ni ghali kuliko ya dume, na kwa kijana anayeuza mitumba ama anayeendesha boda hiyo si pesa ndogo. Lakini paka hajazaa hata mara moja na umeshindwa na bili ya mmoja. Wakiwa watano utafanyaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hapa ndipo siachi mambo kwa mwenye paka peke yake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na huduma za mifugo. Sio Nairobi. Kaunti. Shirika la KSPCA limekuwa likitetea wanyama tangu 1910, lakini makao yake yako Nairobi, kilomita karibu 380 kutoka Kitale, na hakuna mtu atapanda basi na paka kwa kikapu umbali huo.

Nairobi wenyewe walijaribu njia nyingine. Mwaka 2024 kulikuwa na mswada wa kaunti uliotaka mwenye paka alipie leseni ya Sh200 kwa mwaka, na jike akiwa kwenye joto afungiwe ndani. Watu wakacheka, wakatengeneza memu. Mimi sikucheka sana. Ukimtoza mtu leseni bila kumpa mahali rahisi pa kufunga kizazi, umetoza ushuru kelele na ukaacha chanzo cha kelele.

Ninachoomba Trans Nzoia na Bungoma ni kidogo. Kenya ina mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huo. Mbwa wakiletwa kuchanjwa, wekeni meza ya pili ya paka. Wachanjwe, waandikishwe tarehe ya operesheni, na bei iwe ile mama mboga anaweza kulipa. Fanyeni mara mbili kwa mwaka, Kitale na Bungoma mjini, halafu Kimilili na Webuye.

Wakati tunangoja serikali, wewe una kazi ya wiki hii. Tafuta tarehe paka wako alizaliwa, au kadiria. Hesabu miezi minne. Mpigie daktari wa mifugo aliyesajiliwa, umuulize moja kwa moja kama huwafanyia paka wa umri huo na anawawekeaje joto wakiwa wamelala, kwa sababu paka mdogo hupoa haraka. Muulize akae saa ngapi bila kula. Kitoto hakifungi usiku mzima kama mtu mzima. Ukirudi naye, mweke ndani, mahali pakavu na penye joto, maana usiku wa Kitale mnaujua. Kama ni mgonjwa au amekonda, mtibu kwanza. Kama jike na dume ni ndugu, usijidanganye kwamba wanaheshimiana. Anza na jike, na umtenganishe na kaka yake mpaka naye afanyiwe.

Na ukisikia mtu anasema "wacha azae mara moja kwanza", muulize swali moja tu: wale wanne watalala kwa nani? Kama hana majina manne, simu ya daktari ipigwe leo.