Vijana wa steshenari, GIMP ni halali yenu

Na Rehema Mlingwa

Ingia steshenari yoyote Kariakoo uombe paspoti saizi. Kijana atakupiga picha, ataufuta ukuta ulio nyuma yako na kuweka rangi ya bluu, na hujamaliza kutafuta chenji picha imeshatoka. Mikono yake ni myepesi, ujuzi anao. Lakini mara nyingi programu anayoitumia ni Photoshop iliyokrakiwa, aliyoipata kwenye flashi ya rafiki.

Simlaumu kwa kukosa hela. Mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Sasa unakodi kwa zaidi ya dola 20 kwa mwezi, na usipolipa inafungwa. Kwa anayeishi kwa paspoti saizi, hiyo ni hela ya luku na ya pango.

Ninachopinga ni hiyo krak. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tena mara nyingi ili uiingize huambiwa uzime kwanza antivairasi, kwenye kompyuta ileile inayopokea vyeti vya wateja, barua zao za kazi na namba zao za NIDA. Mteja aliyekuja kutoa kopi hana habari kwamba nyaraka zake zimewekwa mahali pasipo na ulinzi. Hili linaniudhi kuliko hata suala la sheria.

Njia halali ipo: GIMP, programu ya kuhariri picha. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, na leo inaendelezwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea. Ni bure, lakini kwangu uzito wake uko kwenye leseni yake, GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kuinakili, kumpa mwenzako, kuiweka kwenye kompyuta zote za darasa na kuitumia kazini ukalipwa. Mtindo wetu wa kupeana programu kwa flashi, ambao kwa Photoshop ni kosa, kwa GIMP ni haki yako kabisa. Hakuna akaunti ya kufungua, na ukishaiingiza inafanya kazi bila bando.

Kasoro zipo. Vitufe havikai pale mkono ulipozoea, na wiki za mwanzo kazi itakwenda polepole. Anayepeleka mabango kiwandani atakumbana na suala la rangi: GIMP inahariri kwa RGB, rangi za skrini, wakati mitambo ya uchapaji hutaka CMYK. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linakuonyesha kazi itakavyoonekana kwa CMYK na kuihifadhi hivyo kwa baadhi ya aina za mafaili. Anayetaka kuhariri ndani ya CMYK yenyewe atumie Krita, nayo ni ya bure. Toleo hilo la 3.0 limeleta pia jambo ambalo watu wa Photoshop walikuwa wakilidai kwa miaka: unaweza kurudi kwenye athari uliyoiweka na kuirekebisha bila kuiharibu picha ya asili.

Mteja akileta faili la PSD, yaani la Photoshop, lisilofunguka vizuri kwenye GIMP, kuna programu ya Photopea iliyotengenezwa na Ivan Kutskir. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na faili linabaki kwenye kompyuta yako.

Ombi langu ni kwa walimu wa VETA na wa vyuo vya ubunifu. Mwanafunzi aliyefundishwa programu asiyoweza kuilipia tumemsukuma kwenye krak kabla hajapata mteja wa kwanza. Mfundisheni tabaka, maski na urekebishaji wa rangi kwa kifaa atakachoondoka nacho siku ya mahafali kikiwa chake kihalali.

Na anayeipakua leo aandike mwenyewe gimp.org, asibonyeze matangazo. Mwaka 2022 tangazo lililotokea juu ya matokeo ya Google liliwapeleka watu kwenye tovuti bandia ya GIMP, wakapakua programu ya kuiba nywila.