Mpeni Mtoto Saa Moja ya Mchana



Juzi mama mmoja alimleta mtoto wake hapa zahanati. Mtoto yuko darasa la saba. Kichwa kilikuwa kinamwuma. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikamwuliza, "Unalala saa ngapi?" Akajibu, "Nasoma mpaka saa 6 usiku. Naamka saa 11 alfajiri kuchota maji."

Huo ni usingizi wa saa 5 tu! Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Asiyelala vya kutosha husinzia darasani na kusahau upesi. Ugonjwa huu hauponi kwa vidonge.

Wazee wangu, mimi ni kijana, mniwie radhi. Kosa si la mtoto. Akitoka shule tunamtuma maji, kuni na mbuzi. Jua likizama ndipo tunamwambia, "Soma!" Anasoma kwa koroboi. Moshi wake huwasha macho na kudhuru kifua. Akisinzia, koroboi inaweza kuanguka na kuunguza nyumba. Wasichana huumia zaidi, maana kazi za jikoni huachiwa wao.

Mimi naona ratiba ya mwanafunzi ipangwe na nyumba nzima. Kwa mfano:

Saa 10 alasiri: ale na kupumzika.
Saa 10 na nusu: asome kwa mwanga wa jua.
Saa 11 na nusu: asaidie kazi za nyumbani.
Saa 3 usiku: alale.
Saa 12 asubuhi: aamke.

Kazi zinazobaki wagawane baba, mama na ndugu wote, wa kiume na wa kike.

Nanyi wanakisomo, msingoje siku moja ya kusoma mengi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alieleza katika kitabu chake kuwa jambo linalorudiwa siku mbalimbali hukaa kichwani kuliko linalorudiwa mara nyingi kwa siku moja. Basi nusu saa kila siku ni bora kuliko saa 3 na nusu Jumapili peke yake.

Baba, leo jioni chukua ndoo wewe. Mwache mtoto asome wakati jua lipo, na usiku alale.