Matembezi ya Ziwani na Maana ya Tawakkul



Ndugu zetu katika imani, likizo ya shule iliyopita sisi na familia ya rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni tulitoka Bujumbura kwenda Rumonge kutembea. Tulikuwa watu kumi na wanne, tisa kati yetu watoto. Alhamdulillaah, ilikuwa furaha. Tulikula mikeke ya kuchoma, tukaswali Maghrib jamaa karibu na maji, na usiku watoto wakahesabu taa za wavuvi wa ndagala mpaka wakasinzia.

Siku ya pili tulikodi boti ya mashine. Watoto walikuwa wameshaingia ndipo tulipohesabu majaketi ya kuokoa maisha. Yalikuwa manane, na mawili tu yalikuwa ya watoto. Mwenye boti akacheka: “Mwalimu, ziwa leo limelala. Tawakkal tu!” Rafiki yetu naye akasema, “Bismillaah, twende, jua linapanda.”

Tukiri ukweli: tulikaribia kunyamaza. Tuliona aibu kuonekana waoga, na zaidi tuliona aibu mwalimu wa madrasa kudhaniwa kuwa imani yake ni ndogo. Lakini mke wa rafiki yetu hakusema neno. Alimbeba mwanawe mdogo, akashuka. Nasi tukashuka.

Tukaenda kwa zamu, tukalipa mara mbili. Watoto wadogo ambao hapakuwa na jaketi la kuwaenea walibaki ufukweni wakilia, kwani jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Rafiki yetu alinuna mpaka jioni. Katika zamu ya pili upepo wa kusini ulivuma, kama ilivyo kawaida yake wakati wa kiangazi, na mawimbi yakatulowesha. Hapakutokea kitu. Huenda hata bila majaketi tungerudi salama.

Basi kwa nini tunaandika? Kwa sababu neno “tawakkal” lilitumika mahali pasipo pake. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutawakkal, au amwache na kutawakkal. Akaamrishwa amfunge, kisha atawakkal. Nabii Nuhu (a.s.) naye aliahidiwa kuokolewa, lakini aliamrishwa kuunda jahazi. Sababu ni sehemu ya tawakkul. Anayeziacha kwa makusudi hana haki ya kuuita uzembe wake imani.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani linashindwa na Baikal peke yake. Kule Ziwa Viktoria, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikaua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228, ilhali kivuko chenyewe kilitengenezwa kubeba watu 101. Nani atathubutu kusema kwamba marehemu wale hawakuomba dua? Ni kweli aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Lakini hiyo ni faraja kwa waliofiwa, si ruhusa kwetu ya kuzembea.

Kwa hiyo tunawausia wazazi, na sisi walimu tukiwa wa kwanza:

Hesabuni majaketi kabla mtoto hajatia mguu botini. Yasipotosha, nendeni kwa zamu au msiende.

Wafundisheni watoto kuogelea, wavulana na wasichana. Stara ya binti hutafutiwa mahali na wakati wake, haiwi sababu ya kumwacha asijue kujiokoa.

Safari ya madrasa isiondoke kwa sababu tu nauli imeshachangwa. Dua ya safari isomwe, na majaketi yawe yameshafungwa vifuani.

Nanyi vijana mnaosoma, mkiona mkubwa wenu ameghafilika, semeni kwa adabu. Au shukeni tu, kama alivyofanya mama yule.

Wiki iliyopita rafiki yetu alitupigia simu. Hakutaja ugomvi wetu wa Rumonge. Alisema tu kwamba amepata majaketi ya watoto sokoni, amenunua matatu, na akatuuliza likizo ijayo tunakwenda lini.

Allaah (s.w.) atuhifadhi sisi na vizazi vyetu, nchi kavu na majini. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.